Kabla hujatoka getini: manunuzi ya silaha na dawa kwenye gemu za mapanga na uchawi

Vijana wengi wa Mtwara wanaoingia kwenye gemu hizi wanatokea kwenye gemu za mpira. Kule hakuna duka la kukuumiza kichwa: unachagua timu, mnaanza. Huku unapewa sarafu za kuhesabu na mji wenye duka la silaha, duka la dawa na nyumba ya wageni, na nje ya geti madubwana yanakusubiri. Mgeni hukimbilia panga la bei kubwa kuliko yote, akatoka nalo bila hata chupa moja ya dawa. Pango la kwanza halijafika katikati, damu imeisha.

Kabla ya kuuliza bei, jua unakwenda wapi. Zungukia watu wa mjini uongee nao, hata yule mzee aliyesimama tu kisimani, maana waliotengeneza gemu hawakumweka pale bure. Akikwambia juu mlimani kuna baridi na kuna kitu kinakula wasafiri, ameshakupa orodha ya manunuzi. Katika Skyrim, gemu ya mwaka 2011, kuna majitu yenye manyoya meupe yanayokaa kwenye theluji. Vidonda vyao hujifunga vyenyewe, kwa hiyo ukiyadonoa kidogo kidogo hayafi, lakini moto yanauogopa. Hapo shoka la kawaida lililotiwa uchawi wa moto lina maana kuliko panga la barafu la bei mbaya linalong'aa dukani.

Kisha tazama nani atakitumia. Final Fantasy ya kwanza ya mwaka 1987 inakupa kikosi cha watu wanne, na mchawi wako hata umbembeleze vipi hashiki panga zito. Ukishamnunulia, kumrudishia muuzaji ni nusu ya bei. Gemu za siku hizi nyingi huonyesha pembeni ya kila mhusika kama nguvu itapanda au itashuka. Isome hiyo namba kabla ya kubonyeza, na ukishanunua hakikisha kitu kimevaliwa, maana ngao iliyolala ndani ya begi haizuii chochote.

Kwenye kugawa fedha, mimi natenga za dawa kwanza, linafuata vazi la kujikinga, panga linakuja mwisho. Najua wengi watabisha. Sababu yangu ni kwamba vazi linafanya kazi kila unapopigwa, na adui yeyote, wakati panga jipya mara nyingi linakusubiri kwenye sanduku ndani ya pango hilo hilo unaloliendea. Inauma kununua asubuhi kitu utakachokiokota jioni. Na dawa si za kuongeza damu peke yake. Kwenye Final Fantasy hiyo hiyo, ukipigwa sumu pambano likaisha, sumu haijaisha. Inaendelea kukutafuna kila unapopiga hatua. Dawa yake ni ya bei chee, ila iko dukani, na wewe uko chini ya ardhi. Hema nalo usilidharau: ukilipiga nje ya mji unapumzika na kusevu bila kurudi kulala kwenye nyumba ya wageni.

Kuna na ugonjwa wa pili, wa kubana. Mtu ana rundo la dawa, anasema namwekea bosi, lile dubwana kubwa la kufungia pango, bosi anakuja anamuua nazo zikiwa begini. Zinywe.

Nauli ya kurudi inunuliwe mapema. Katika Dragon Quest VIII kuna bawa la dubwana fulani, ukilirusha juu linakurudisha mjini papo hapo. Usilirushe ukiwa ndani ya pango, utajigonga kichwa darini na utabaki pale pale. Kwenye gemu hiyo kikosi chote kikifa unaamka kanisani na nusu ya sarafu zenu zimekwenda. Ndiyo maana mle mna benki inayopokea fedha kwa maelfu. Kama hununui kitu cha maana, weka. Kwenda kwa bosi na mfuko uliojaa ni kumtafutia.

Kuuza nako ni manunuzi, na hapa ndipo watu wanapigwa zaidi. Mkulima wa Newala au Masasi anayeuza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi wa bei ya chini nje ya mnada, anajua kabisa anachopoteza, ila shida imembana na mnada uko mbali. Kwenye gemu shida hiyo unajitengenezea mwenyewe: umeokota kila panga bovu na kila kofia ya chuma, mzigo umezidi, unamuuzia mchuuzi wa kwanza unayekutana naye. Skyrim inakuanzisha na uzito wa 300. Ukivuka hapo huwezi kukimbia, wala huwezi kuruka kwenye ramani kutoka mji hadi mji. Halafu muuza duka naye ana kikomo cha fedha; zikimwishia hazirudi mpaka zipite saa 48 za ndani ya gemu. Mhunzi anachukua silaha na mavazi ya vita, mwenye dawa anachukua dawa na viungo vyake, kwa hiyo gawa mzigo uwazungukie wote. Ukiwa shimoni okota vitu vyepesi vyenye thamani kama pete, mikufu na vito, hayo mashoka yaache.

Kuna duka lingine, hasa kwenye gemu za simu, linalotaka shilingi zako za kweli. Hilo lipite kama hulioni mpaka ujue gemu yenyewe utaicheza zaidi ya wiki.

Sasa, kama unachezea kibandani, Chikongola, Magomeni au hata Lindi mjini, kuna maandalizi ya huku nje. Unalipia muda, na kusoma bei za ngao kunakula dakika kuliko unavyodhani. Andika orodha nyumbani ili ukifika ni kununua na kuondoka. Kwenye PS2 uliza kwanza, "Kaka, memori kadi ipo?" Kama haipo, cheza mpira siku hiyo, kwa sababu gemu hizi bila kusevu ni kuanza upya kila ukija. Kama ipo, ikariri nafasi yako, ni ya ngapi na ina jina gani, na mwenye kibanda naye aijue, wasije wenzako wakasevu juu yake. Umeme nao haupigi hodi. Ukimaliza manunuzi ndani ya Dragon Quest yako, pita kanisa la humo usevu kabla ya kwenda getini.