Kurekebisha makosa ya import ya datetime kwenye Python

Chanzo cha mengi ya makosa haya ni kimoja: moduli ya tarehe na saa (faili la msimbo linaloletwa kwa import) inaitwa datetime, na ndani yake kuna klasi (kiolezo cha kuundia vitu) inayoitwa datetime vilevile. Mstari wako wa import ndio unaoamua jina hilo limeshika kipi kati ya viwili.

Hatua ya 1: Soma mstari wa mwisho wa kosa.

`module 'datetime' has no attribute 'now'`

Uliandika `import datetime`, kwa hiyo umeshika moduli, na now imo ndani ya klasi. Andika `datetime.datetime.now()`.

`type object 'datetime.datetime' has no attribute 'timedelta'`

Hapa ni kinyume: uliandika `from datetime import datetime`, ukashika klasi, na timedelta (klasi ya urefu wa muda) iko nje yake. Ongeza jina: `from datetime import datetime, timedelta`.

Usiweke mistari yote miwili ya import kwenye faili moja. Wa chini hufuta wa juu kimyakimya, na kosa hujitokeza mbali kabisa na mahali lilipoanzia.

Hatua ya 2: Chagua mtindo mmoja. Ulio salama zaidi ni kuipa moduli jina fupi:

```
import datetime as dt
from zoneinfo import ZoneInfo

sasa = dt.datetime.now(ZoneInfo("Africa/Nairobi"))
kesho = sasa + dt.timedelta(days=1)
```

Ukiona `dt.` unajua hiyo ni moduli. Epuka `from datetime import *`: ikifuatwa na `from time import *`, jina time linabadilika kutoka klasi kuwa funksheni, na `time(8, 30)` inagoma.

Hatua ya 3: Kosa likibaki, kagua majina ya faili zako. Fungua terminali ndani ya folda ya mradi:

`python -c "import datetime; print(datetime.__file__)"`

Ikionyesha folda yako, kuna faili uliyoiita datetime.py. Python hutafuta kwanza hapo kabla ya kufika kwenye maktaba yake, basi inasoma faili yako. Ibadilishe jina. Maneno `partially initialized module` kwenye kosa mara nyingi yanaashiria jambo hilihili.

Hatua ya 4: zoneinfo, moduli ya kanda za saa. `No module named 'zoneinfo'` maana yake Python yako ni ya kabla ya 3.9; sasisha. Ukipata `ZoneInfoNotFoundError` kwenye Windows, hakikisha kwanza tahajia ya eneo ni sahihi (`Africa/Dar_es_Salaam` ina mistari ya chini, yaani `_`, haina nafasi). Kama ni sahihi, kinachokosekana ni data ya kanda za saa, kwani Windows haiji nayo: `pip install tzdata`.