Somo: Kusoma bili ya gesi asilia na kujua mdhibiti ana kauli wapi

Bili ya gesi ikipanda, wengi huilaumu mita au mdhibiti, yaani mamlaka ya umma inayosimamia huduma ya gesi, kana kwamba malipo yote hupangwa kwenye meza moja. Somo hili linahusu gesi inayofika kwa bomba, si ile ya mitungi ambayo kwa kawaida ni propani na butani.

Hatua ya 1: Itenganishe bili. Karibu kila bili ina bei ya gesi yenyewe, gharama ya kuisafirisha na kuisambaza, tozo ya kudumu, na kodi. Bei ya gesi yenyewe mara nyingi hutokana na soko au mikataba ya muda mrefu. Usambazaji ni jambo jingine: kwa kuwa haina maana kampuni mbili kulaza mabomba mawili katika mtaa mmoja, mwenye bomba hubaki bila mshindani, na hapo ndipo mdhibiti huingia, akakagua gharama zipi ni halali na mwekezaji apate faida kiasi gani juu ya mtaji wake.

Hatua ya 2: Geuza ujazo kuwa nishati. Mita hupima mita za ujazo, lakini unachonunua ni joto, na gesi ya visima tofauti haina joto sawa. Nchini Uingereza, kwa mfano, ujazo huzidishwa kwa 1.02264 ili kusawazisha halijoto na shinikizo, kisha kwa thamani ya joto ya gesi, yaani megajuli za joto katika kila mita ya ujazo, halafu jibu hugawanywa kwa 3.6 ili kupata kilowati-saa. Mita za ujazo 100 zenye thamani ya megajuli 39.5 kila moja hutoa takriban kilowati-saa 1,122. Fanya hesabu hii mwenyewe angalau mara moja kabla ya kulalamika popote.

Hatua ya 3: Kagua kifaa. Mwali wa jiko unapaswa kuwa wa bluu. Ukigeuka njano, huenda hewa haitoshi, gesi inapotea bure na, baya zaidi, kaboni monoksidi inaweza kutokea, kwa hiyo zima na umwite fundi aliyesajiliwa. Wenye boila (mitambo ya kupasha maji ya kupashia nyumba joto) za kisasa zinazovuna joto la mvuke wa moshi wana jambo la ziada. Mvuke huo huanza kugeuka maji pale tu maji yanayorudi kwenye boila yanapokuwa chini ya nyuzi 55 hivi. Ukiiweka boila katika joto la juu mno, umelipia ufanisi usioupata.

Hatua ya 4: Uliza kampuni ya usambazaji inalipwaje. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Ikiwa gharama za mabomba hurudishwa kupitia kila uniti inayouzwa, basi ubanaji wako wa matumizi ni hasara kwa kampuni, nayo haitakuwa na hamu ya kukusaidia kuokoa. California ililitambua hilo mapema: mwaka 1978 ilianza kutenganisha mapato ya kampuni za gesi na kiasi kinachouzwa. Mdhibiti huidhinisha mapato. Yakipungua, pengo hufidiwa katika bei za baadaye, na yakizidi, wateja hurudishiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama: Shukrani kwa somo, mwalimu. Nimepunguza matumizi kwa theluthi, mbona bili haikushuka kwa theluthi?

Jibu: Kwa sababu ya tozo ya kudumu, ndugu, ambayo hulipwa hata usipowasha jiko. Kadiri mdhibiti anavyohamishia gharama nyingi kwenye tozo hiyo, ndivyo faida ya kubana matumizi inavyopungua, na anayetumia kidogo ndiye huumia zaidi. Mdhibiti akiitisha maoni ya umma kuhusu bei, liulizie hilo.

Mwanachama: Kwa nini mdhibiti asiamuru tu gesi yenyewe iuzwe kwa bei ya chini?

Jibu: Marekani ilijaribu. Kuanzia uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo wa mwaka 1954, serikali kuu ilidhibiti bei ya kisimani kwa gesi iliyovuka mipaka ya majimbo. Wazalishaji wakapendelea kuuza ndani ya majimbo yao, ambako udhibiti huo haukufika, na katika baridi ya 1976 hadi 1977 shule na viwanda vya majimbo mengine vilifungwa kwa kukosa gesi. Udhibiti ulianza kulegezwa mwaka 1978, na sheria ya 1989 ikaondoa uliobaki.

Mwanachama: Gesi inayovuja kabla ya kufika kwenye mita yangu analipa nani?

Jibu: Kwa kawaida ni wateja wote, ndani ya kiwango anachokiruhusu mdhibiti, inayozidi hapo huwa mzigo wa kampuni. Kiwango kikiwa kikubwa mno, kampuni haioni haja ya kubadilisha mabomba ya chuma yaliyochakaa, ilhali methani inayotoroka hupasha joto angahewa zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi, ikipimwa kwa miaka 20.