Namna ya kuandika maisha ya mwigizaji wa karne ya 19: nilivyomfuatilia Ira Aldridge

Usianze na yale mwigizaji aliyojisimulia mwenyewe. Waigizaji wa zama zile waliuza tiketi kwa hadithi za maisha yao. Ira Aldridge, mwigizaji Mweusi aliyepata jina Uingereza, alinasibishwa na ukoo wa kifalme wa Senegal, ilhali alizaliwa New York tarehe 24 Julai 1807 na kusomea shule ya watoto Weusi mjini humo. Lakini hadithi hiyo usiitupe. Inakuonyesha mtu Mweusi alitakiwa awe nani ndipo hadhira ya Uingereza imkubali jukwaani.

Anza na bango la onyesho. Ni karatasi nyembamba, ndefu, iliyochapwa kwa ajili ya usiku mmoja tu. Ina majina ya waigizaji, tamthilia, bei za viti, siku na tarehe. Mwaka mara nyingi haumo, kwa kuwa waliolisoma ukutani wiki ile hawakuuhitaji. Hapo niliumia: niliwahi kuandika sura nzima kwa mwaka wa kukisia, nikaja kuifuta yote.

Siku hizi nafanya hivi. Tuseme bango linasema "Jumatano, Aprili 10". Nafungua kalenda za zamani na kuorodhesha miaka ambayo Aprili 10 iliangukia Jumatano: 1822, 1833, 1839, 1844. Mwaka 1822 unatoka, maana Aldridge alivuka bahari kwenda Uingereza mwaka 1824. Kisha natazama ukumbi. Kama ni Covent Garden, London, naye ni Othello, shujaa Mweusi wa tamthilia ya Shakespeare, basi ni 1833, kwa sababu Machi 25 ya mwaka huo Edmund Kean, mwigizaji Mwingereza mashuhuri, alianguka jukwaani pale pale akiigiza Othello, na Aldridge akaitwa kushika nafasi yake.

Tafuta pia majina mengine. Mwaka 1825, katika ukumbi wa Royal Coburg, London, aliandikwa "Keene", jina linalofanana mno kimatamshi na la Kean. Ukitafuta "Aldridge" peke yake, mwanzo wake wote unakupita.

Magazeti yasome kwa jozi: la London na la miji ya mikoani. Baadhi ya magazeti ya London yalimshambulia vibaya mwaka 1833, hata akaonekana Covent Garden usiku mbili tu. Nakili maneno yao jinsi yalivyo, hata yakikuchoma, mimi yalinichoma. Kando yake andika kwamba mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilikuwa likijadili kukomesha utumwa, na likapitisha sheria. Bila hilo msomaji atadhani ugomvi ulihusu uigizaji. Kumbuka vilevile kwamba hadi 1843 tamthilia za maneno matupu, zisizo na muziki, zilikuwa haki ya kumbi chache sana za London, Covent Garden ikiwemo. Ndiyo maana usiku zile mbili zilikuwa na uzito.

Alipokuwa meneja, fuata pesa. Aldridge alishika ukumbi wa Coventry mwaka 1828 akiwa na miaka 20. Usiulize alishangiliwa vipi. Uliza nani alilipa kodi ya jengo, waigizaji walilipwa nini kwa wiki, na viti vya bei nafuu vilijaa au la. Angalia usiku wa mfadhiliwa, ambapo mapato yalimwendea mwigizaji mmoja baada ya kutoa gharama. Wakati mwingine usiku huo mmoja ulimwingizia kuliko mshahara wa wiki nyingi. Inasimuliwa kwamba watu wa Coventry walipeleka ombi bungeni dhidi ya utumwa kwa kuguswa naye. Liandike ombi hilo, ila usimpe yeye sifa yote. Harakati zilikuwepo kabla yake.

Kuanzia 1852 alizunguka bara la Ulaya, akisema Kiingereza huku wenzake jukwaani wakijibu kwa lugha zao. Ukifika Urusi, chunga tarehe: kalenda yao ilikuwa nyuma kwa siku 12. Onyesho la St Petersburg la 1858 laweza kuonekana kana kwamba lilifanyika akiwa bado njiani.

Weka yote kwenye daftari, mstari mmoja kwa kila siku: mji, ukumbi, tamthilia, ushahidi. Siku usiyo na ushahidi iache tupu. Mstari wa mwisho kwenye daftari langu ni wa Agosti 7, 1867, Łódź, Poland. Alifia hapo akiwa ziarani, na kaburi lake lingalipo.