SOMO: Shoti ni nini hasa, na unaitafutaje kwa mita

Ukiniita na kuniambia "fundi, kuna shoti", bado hujaniambia kitu. Aliyerushwa na pasi anasema kapigwa shoti, na ambaye breka yake imeruka naye anasema shoti. Hayo ni magonjwa tofauti.

Shoti yenyewe ni waya wa moto kugusana na nyutro (waya wa kurudisha umeme), au na ethi (waya wa ardhini), bila kupitia kifaa chochote. Chukua balbu ya uzi ya wati 60 kwenye volti 230. Ikiwaka, uzi wake una ukinzani wa karibu omu 880, kwa hiyo inakula robo ampea hivi. Sasa toa balbu, ugusanishe waya zenyewe. Tuseme njia nzima ina nusu omu: 230 gawanya kwa 0.5, mkondo unaruka hadi ampea 460. Breka ya ampea 16 aina ya B hukata papo hapo mkondo ukifika kati ya ampea 48 na 80, kwa hiyo hapo haisubiri. Ikikata dakika kadhaa baada ya kuwasha jiko na hita pamoja, huo ni mzigo kuzidi.

Kuitafuta:

1. Zima meni swichi. Chomoa kila kitu, toa balbu, ila swichi za taa ziache zimewashwa, la sivyo waya wa kutoka swichi hadi taa hautapimwa.

2. Hakikisha umeme haupo kwa testa uliyoijaribu kwanza penye umeme. Kisha fungua waya wa moto kwenye breka iliyoruka, na nyutro ya laini hiyohiyo.

3. Weka mita kwenye omu. Pima moto na nyutro, kisha moto na ethi. Laini isiyo na shoti husoma OL, yaani ukinzani ni mkubwa kupita kipimo cha mita. Ukiona 0.4 au 1, umeipata.

Usitegemee mlio wa mita! Birika la wati 2000 lina omu 26 hivi, na mita nyingi hulia hata hapo. Niliwahi kuchimbua plasta ya watu kwa kuamini mlio, kumbe birika lilikuwa bado limechomekwa nyuma ya kabati.

4. Fungua boksi la katikati, tenganisha waya, pima kila upande. Unaosoma karibu na sifuri ugawe tena. Mara nyingi naishia nyuma ya soketi: waya umebanwa na skrubu, ganda limechanika.

MASWALI

— Mkuu, nikigusa friji inanitetemesha. Shoti hiyo?

Hapana, umeme unavuja kwenye bodi ya friji, na huenda ethi haipo au imekatika. Ichomoe sasa hivi. Breka ya kawaida haiuoni uvujaji mdogo hivyo; RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 ndiyo kazi yake.

— Nikiweka breka ya 32 badala ya 16, si itaacha kusumbua?

Kama ni mzigo kuzidi, itaacha, na waya wako wa milimita za mraba 1.5 utapikika ndani ya ukuta. Usithubutu.

— Yangu inaruka mvua ikinyesha tu. Mita haionyeshi kitu.

Anza na taa za nje, na pima kukiwa bado kumelowa. Mita yako inasukuma volti chache za betri, unyevu unaipita. Tafuta fundi mwenye mega (kipimo cha ganda la waya) ya volti 500, na kabla hajapima chomoa vifaa vyote vya elektroniki.