Namna ya Kuisoma Nyumba ya Kiunzi cha Mbao: Mfano wa Little Moreton Hall

Anayefika kwa mara ya kwanza Little Moreton Hall, katika mkoa wa Cheshire nchini Uingereza, hutekwa na mistari myeusi na meupe hata akasahau kuitazama nyumba yenyewe. Rangi iache kwanza. Kutia mbao weusi ni mtindo ulioshamiri hasa karne ya 19. Mbao za mwaloni, mti mgumu wa Ulaya, zikiachwa bila rangi hugeuka kijivujivu, na ndivyo kuta za namna hii zilivyokuwa mara nyingi hapo kale.

Anza chini. Nguzo hazikuchimbiwa ardhini, kwa kuwa zingeoza. Zimechomekwa katika boriti iliyolazwa juu ya msingi wa mawe, mahali ambapo unyevu hauifikii kwa urahisi.

Kisha sogelea kiungo kimoja, ukitazame kwa karibu hadi uone kichwa cha kigingi. Ncha ya mbao moja imechongwa ulimi, nyingine imetobolewa tundu la kuupokea, na kigingi cha mwaloni kimepita katikati. Seremala alikuwa akitoboa njia ya kigingi kwenye ulimi kando kidogo ya ile ya kwenye tundu, ili kigingi kikipigwa nyundo kiuvute ulimi ndani na kuubana. Mti ulichongwa ungali mbichi, maana mwaloni mkavu ni mgumu mno kwa patasi, na ulipokauka mahali pake ulijikunja na kupinda. Katika nyumba za aina hii tafuta pia chale zinazofanana na tarakimu za Kirumi: kiunzi kilipangwa kwanza uwanjani, kikafunguliwa, kikasimamishwa upya kwa kufuata alama hizo.

Nafasi kati ya mbao zilijazwa kwa fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Aliyekulia katika nyumba ya kukandika hahitaji kuelezwa zaidi.

Ukiingia uani, inua macho kwenye madirisha makubwa yaliyotokeza nje. Maandishi yaliyochongwa hapo yanataja mwaka 1559, mwenye nyumba William Moreton, na seremala Richard Dale. Mimi binafsi hukaa hapo kuliko kwingine, kwani fundi kuwekwa ukutani pamoja na tajiri yake si jambo dogo.

Mwishowe toka nje, usimame upande wa kusini, ng'ambo ya handaki la maji. Juu kabisa umetandazwa ukumbi mrefu wa takriban mita 20, wenye madirisha pande zote na paa la mabamba ya mawe. Uzito wake umezipinda ghorofa za chini. Ili kuona ni wapi hasa, fuata kwa macho kingo za chini za madirisha, ukizilinganisha na maji ya handaki, ambayo hayana budi kuwa sawa.