Kujijengea skuta ya umeme hapa Mombasa: nini ukichonge mwenyewe na nini ukinunue

Wale mnaouliza skuta ya umeme inajengwaje, leo naandika vile inavyofaa kujengwa hapa pwani, manake video nyingi mnazoangalia ni za watu walio mbali na bahari na hawasemi lolote kuhusu chumvi. Hapa chumvi ndo adui wa kwanza, kabla ya mashimo na kabla ya matuta. Upepo unaileta inaingia kwa kila nati na kila plagi, chuma kisichopakwa rangi kinashika kutu siku chache tu, na skuta iliyokua ikikimbia vizuri inaanza kukatakata moto na mwenyewe hajui kwa nini. Ukijenga ukiikumbuka chumvi toka mwanzo skuta itadumu, ukiisahau utajenga mara mbili.

Sasa kuna vitu vya kutengeneza kwa mkono na kuna vitu vya kununua vipya. Fremu, ubao wa kusimamia, boksi la betri, vishikizo na ile pingu ya ekseli (chuma cha katikati ya guruduma) ntakayoieleza hapo chini, hivyo vyote utengeneze, utapata kitu kizito na imara kuliko cha dukani. Lakini breki, kontrola (kile kiboksi kinachogawa umeme wa betri kwenda kwa mota), chaja na BMS, yani ule ubao unaolinda betri, hapo usibahatishe, nunua. Vitu hivyo vikifeli huanguki peke yako, unaweza kuchoma nyumba ya watu.

Mota kwanza. Chukua ile inayokaa ndani ya guruduma, haina cheni wala mkanda wa kushika kutu. Kisiwani kwetu ni tambarare, mlima wa maana utakaokutana nao ni kupanda daraja, kwa hivyo wati 500 za volti 48 zinamtosha mtu mzima na mzigo wake wa sokoni. Kwa guruduma la inchi 10, mwendo wa kilomita 25 kwa saa ni mizunguko kama 520 kwa dakika, basi ukinunua soma mota imeandikwa mizunguko mingapi kwa volti 48 upige hesabu mwenyewe, usimsikilize muuzaji. Wanaoweka wati 2000 kwa fremu ya kuchomelea mtaani mimi siwaungi mkono kabisa, breki za skuta hazikuumbwa kwa mwendo ule na betri inapata moto bure.

Fremu inatoka kwa skwea tyubu ya milimita 30, unene milimita 2, fundi wa kuchomelea yeyote wa Kisauni au Changamwe anayo. Kichwa cha usukani usijisumbue kukichonga, tafuta baiskeli kuukuu, kata kile kichwa pamoja na vikombe na beringi zake, na foku chukua ya baiskeli ya mtoto. Muhimu ni ulalo, wacha foku ilale vilevile ilivyokua kwa baiskeli, ukiisimamisha wima sana usukani utatetema ukishika kasi. Mwambie fundi achomee vidoti vya kushikilia tu kwanza, kisha vuta uzi kutoka guruduma la mbele mpaka la nyuma uone kama yako mstari mmoja, ndo amalizie. Na kama tyubu ni ya mabati yaliyopakwa zinki mwambie aikwangue kwa grenda pale pa kuchomea na akae penye upepo, ule moshi mweupe unampa mtu homa na baridi usiku wake.

Ukimaliza kuchomea usikimbilie rangi ya juu. Piga msasa, futa kwa thina, paka redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, kila mahali mpaka chini ambapo hapaonekani, ndo uje na rangi yako mikono miwili. Ncha za tyubu zizibe, halafu toboa kitundu kimoja sehemu ya chini kabisa ili maji yakiingia yatoke, kwa sababu fremu za huku zinaoza kutokea ndani.

Haya tuje kwa pingu ya ekseli, na hapa nataka usome polepole. Mota ikisukuma guruduma mbele, ekseli nayo inasukumwa kinyume kwa nguvu ileile. Nati peke yake haitoshi kuishika. Ekseli ikizunguka ndani ya kitanzi chake, zile waya zinazotokea katikati yake zinasokotwa zinakatika, zinagusana, na kontrola inaungua hapohapo ukiwa barabarani. Dawa yake ni kipande cha flati baa ya milimita 6, kitoboe halafu uchonge tundu kwa tupa taratibu, ukijaribisha kila mara, mpaka zile bapa mbili za ekseli ziingie kwa kubana bila kucheza hata kidogo, kisha ncha ya pili uifunge kwa bolti kwenye fremu. Weka pande zote mbili. Kazi ya tupa inachosha mkono lakini hii ndo sehemu ya kujivunia kwa skuta nzima. Waya zinapotoka kwa ekseli zielekeze chini kwanza ndo zipande juu, mvua ya masika ikishuka maji yadondoke yasifuate waya kuingia kwa mota.

Ubao wa kusimamia tumia plaiwudi ya marini ya milimita 15, ziba kingo zake kwa vanishi mara tatu. Juu yake paka rangi na ikiwa mbichi mwagia mchanga msafi mguu usiteleze. Mchanga wa pwani una chumvi, uoshe kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) uukaushe kabla ya kuutumia.

Betri ndo roho na ndo hatari. Wengi wanatumia seli za 18650, zile ndogo za mviringo zinazotoka kwa betri kuukuu za laptopu, sawa, lakini zichuje bila huruma. Yoyote unayoikuta chini ya volti 2, yenye kutu au iliyobonyea, tupilia mbali usiifufue. Zilizobaki zichaji mpaka volti 4.2, ziache wiki mbili, inayoshuka chini ya 4.1 nayo itoke. Kwa volti 48 unahitaji vikundi 13 kwa mfululizo. Sasa seli za laptopu hazitaki kuvutwa kwa nguvu, ampia 2 na nusu kila moja inatosha, kwa hivyo weka seli 6 sambamba kwa kila kikundi, jumla 78, na kontrola iwe ya ampia 15. Vikundi viwe na uwezo sawasawa, usiweke seli kali upande mmoja na zilizochoka upande mwingine. Hapo utapata kama ampia-saa 12, mwendo wa kilomita 25 hivi ukienda kistaarabu, na kuijaza ni zaidi kidogo ya nusu yuniti ya tokeni ya umeme.

Usiunganishe seli kwa kulehemu na risasi, joto linaziua, tafuta fundi mwenye spoti welda, mashine inayochoma nukta moja kwa nukta moja haraka, na ukanda wa nikeli. Na hapa chumvi inakusaidia kwa mara moja: kuna ukanda unaouzwa kama nikeli kumbe ni chuma kilichopakwa juu, ukwaruze kipande, ukilaze ndani ya maji ya chumvi usiku kucha, asubuhi ukikuta kutu mrudishie mwenyewe.

BMS ya vikundi 13 ina waya ndogo 14. Kabla hujachomeka ile plagi pima kwa multimita kutoka waya ya kwanza kwenda kila inayofuata, volti iwe inapanda kwa 3.7 hivi kila hatua, ukiona imeruka ama imerudi nyuma kuna waya umekosea mahali. Fyuzi ya ampia 20 ikae karibu kabisa na betri. Chaja ni ya volti 54.6, si nyingine. Kama una pesa zaidi nunua seli za LiFePO4, aina nyingine ya lithiamu, 16 kwa mfululizo, chaja yake 58.4, ni nzito lakini zinavumilia joto letu vizuri zaidi, ila hakikisha kontrola ina kapasita za volti 63.

Boksi likunje kwa alumini, ndani weka karatasi ngumu ya kuzuia umeme pande zote, mfuniko uzungushie mpira uliokatwa kutoka tubu kuukuu, nje paka nyeupe. Usilizibe kama chupa, acha kitundu chini kilichotazama ardhi, seli ikiharibika ikatoa gesi ipate pa kupita. Lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa juu ya digrii 45, na boksi lililoachwa juani mwezi wa pili hapa linafika huko kwa urahisi, basi ukirudi safari iweke kivulini ipoe ndo uchaji. Na usichajie mlangoni wala kwenye ngazi, hasa nyumba za Mji wa Kale zenye njia moja ya kutokea, moto ukianza pale watu watapitia wapi?

Kuunganisha waya ni rahisi kuliko unavyodhani. Tatu nene za mota, njano, kijani na buluu, na tano nyembamba za sensa. Inua guruduma juu, gusa throto (ile ya kuongeza mwendo) kidogo tu, ikitetema kwa kelele, zima, badilisha mpangilio wa zile tatu nene, jaribu tena. Ikizunguka laini lakini kinyume, zile nene peke yake hazitoshi, badilishana pia mbili kati ya zile tatu za ishara za sensa, si nyekundu wala nyeusi, kisha upange zile nene upya. Kila plagi ipake grisi ya umeme, ukikosa hata vaselini inafaa, na uivalishe mpira wa kusinyaa kwa joto. Ukifanya hivyo umeshashinda nusu ya vita na chumvi.

Breki ziwe mbili. Mbele diski ya milimita 160, nyuma nyingine, na mikono yake iwe ile yenye waya mbili za kukata mota ukigusa tu.

Siku ya kwanza nenda uwanja mtupu, kofia kichwani, ujaribu breki kwa mwendo mdogo kabla ya kujaribu kasi. Barabara za matrela ya bandarini na Nyali Bridge usiingie nayo, hiki ni chombo cha mtaani, na kwa feri ya Likoni shuka uisukume. Baada ya kilomita 50 za mwanzo kaza kila nati upya, anza na zile za pingu. Kuosha ni kitambaa na maji baridi, kila wiki kama unakaa karibu na ufuo, na usiipeleke kuoshwa kwa mashine ya presha hata ukipewa bure, yale maji yanapenya beringi za mota na ukishasikia inakwaruza ndani ni kufungua yote.