Dell ya ofisini, kadi moja na usiku mzima: mashine ya gemu kwa pesa ndogo hapa Pemba

Mtoto wa dada yangu alikuja kibandani kwangu Chake Chake na laki sita mkononi na picha kwenye simu: kasha la kioo, feni sita zinawaka rangi zote kama viwanja vya sikukuu. "Mjomba, nataka kama hii." Nikamwambia laki sita inamtosha kununua kioo na taa, gemu atakwenda kuchezea kwa jirani. Akanuna siku mbili. Ya tatu tukaanza kazi, na tuliyoyafanya ndiyo haya.

Alichotaka ni PES 2021 na GTA V zisikwamekwame kwenye skrini ya 1080p. Kwa kiwango hicho mashine hii inatosha na chenji inabaki. Kama unataka gemu lililotoka mwaka huu, weka pesa kwanza, urudi baadaye.

Hatua ya 1: Nunua kompyuta ya ofisi, na iwe kubwa

Maduka ya Darajani na Mlandege kule Unguja, na Kariakoo kwa wanaovuka, yana mitumba ya Dell OptiPlex na HP zilizotolewa maofisini ng'ambo. Mimi ni mtu wa Dell, sifichi: visehemu vyake navijua na kasha hufunguka bila bisibisi.

Angalia umbo kabla ya bei. OptiPlex ile ile hutoka kubwa ya kusimama, ambayo huandikwa MT, na hutoka nyembamba, SFF. Chukua MT. Nyembamba inadai kadi za picha (zinazochora gemu kwenye skrini) za nusu kimo, ambazo ni adimu na muuzaji anajua kwamba huna pa kwenda. Nimewaona wanaoikata bati kwa msumeno ili kadi ya kawaida iingie. Usiwafuate.

Kisha kizazi. 7010 hubeba prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel kizazi cha tatu, kama i5-3470. 9020 ni kizazi cha nne, kama i5-4570, na hapo ndipo Intel walipoanza kuweka AVX2, amri ambazo baadhi ya gemu mpya hazifunguki kabisa bila ya hizo. Kwa hiyo ningenunua mimi, ningechukua 9020. Ubaya wake ni kwamba pawa saplai yake, kile kisanduku cha umeme, inaingia kwenye bodi (bamba kuu la kompyuta) kwa plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, wakati 7010 MT inatumia pini 24 za kawaida. Siku ukitaka kuweka saplai kubwa kwenye 9020 utatafuta waya wa kugeuzia. Ukinisikiliza kwenye kadi, siku hiyo haitofika.

Mtoto wa dada alikuwa ameshalipia 7010 kabla hajaniuliza. Basi ikawa 7010.

Hatua ya 2: Kadi isiyoomba umeme wa ziada

Saplai ya 7010 MT ni ya wati 275, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Tundu la kadi kwenye bodi linatoa wati 75, na humo humo ndimo utakamobakia. Maana yake ni GTX 1050 Ti au GTX 1650, zote za GB 4. Lakini angalia juu ya kadi yenyewe: baadhi ya waundaji wa 1650, na wachache wa 1050 Ti, wameongeza tundu la pini 6. Hiyo iache. Usidanganywe na vile viwaya vya kugeuza plagi ya diski kuwa pini 6. Nimeona kimoja kimeyeyuka.

Kama zinakaribiana bei, chukua 1650. Ina nguvu zaidi, na 1050 Ti ni ya mwaka 2016. Nvidia, wenye chipu zake, waliacha kuitolea draiva (programu za kuiendesha) mpya za gemu mwaka 2025, zilizobaki ni za usalama tu. Kuna watakaokupigia debe RX 6400 kwa kuwa inakula umeme kidogo. Kadi hiyo inatumia njia nne tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na bodi. Kwenye bodi mpya haina neno, kwenye mashine zetu hizi inakabwa koo.

Na kadi bandia zipo. Chipu ya zamani ya GTS 450 au GTX 550 Ti inabadilishwa jina ndani, kompyuta inakusomea "GTX 1050 Ti", na wewe unafurahi mpaka ufungue gemu. Alama ya kwanza ni tundu la VGA: chipu halisi ya 1050 Ti haitoi picha ya VGA, kwa hiyo ukiliona, shuku. Ya pili, ambayo haina ubishi, ni programu ya bure inayoitwa GPU-Z. Kwenye mstari wa Shaders 1050 Ti halisi inasoma 768 na 1650 inasoma 896. Kadi nyingi za uongo huwekewa neno FAKE waziwazi. Mwambie muuzaji akutumie picha ya GPU-Z, si picha ya boksi. Boksi linachapishwa popote.

Kadi yetu ilitoka Dar. Ikija kwa boti, mtu aishike mkononi, isitupwe chini ya magunia. Yetu ilishuka bandarini Mkoani na ikapanda gari ya 603 mapajani mwa shemeji yangu kama mtoto mchanga.

Hatua ya 3: Safisha

Fungua, puliza vumbi, zuia feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, futa pesti kavu ya kupitisha joto juu ya prosesa, weka mpya kiasi cha punje ya choroko. Hii 7010 ilikuwa na sisimizi ndani ya saplai. Saplai yenyewe usiifungue, hata ikiwa imechomolewa inaweza kukupiga. Iweke juani na wataondoka wenyewe.

Hatua ya 4: RAM na SSD

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni DDR3 za kawaida za deskitopu. Vipande viwili vya GB 4 vinakimbia kuliko kimoja cha GB 8, na ukipata viwili vya 8 bora zaidi. Mambo mawili tu: RAM ya seva haitowaka humu, na zile za bei ya kutupa zilizoandikwa "kwa AMD tu" zimeandikwa ukweli. SSD, ile diski ya haraka isiyozunguka, yoyote ya plagi ya SATA. Diski ya zamani iache ndani iwe ghala la gemu.

Hatua ya 5: Kuchomeka kadi, na skrini nyeusi

Hapa kaa kitako.

Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa bati la kasha kwanza. Kwenye 7010 MT utaona matundu mawili marefu yanayofanana. La buluu ndilo kamili. Jeusi lina urefu ule ule lakini ndani limeungwa njia nne. Kadi inaingia kwenye la buluu mpaka kishikizo kilie "tak".

Tukawasha. Feni ya kadi ikazunguka, taa ikawaka, skrini kimya. Ilikuwa ndiyo kwanza tumetoka kuswali Isha. Niliposikia adhana ya alfajiri nilikuwa bado nimeinamia kasha lile lile, na katikati hapo nilikuwa nimempigia muuzaji wa Dar na kumwambia maneno ambayo kesho yake ilibidi nimwombe radhi, kwa sababu kadi yake ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa langu, na halikuwa moja: yalikuwa matatu, moja juu ya jengine, na kila nikitoa moja skrini inabaki nyeusi vile vile, nami naamini sikutoa kitu. Usifuate njia niliyopita mimi. Fuata hii.

Anza kwa kuijaribu kadi kwenye mashine ya mtu mwengine. Nilifanya hivi mwisho, kwa uvivu, asubuhi, kwenye kompyuta ya jirani anayechapisha mitihani ya skuli. Ikawaka mara moja. Dakika kumi zingeniokolea usiku.

Kadi ikiwa nzima, tazama waya wa skrini. Nyuma ya 7010 kuna VGA na DisplayPort mbili za bodi yenyewe. Ukishaweka kadi, kwa kawaida Dell huzizima hizo, na picha inatoka kwenye kadi tu. Kijana alikuwa amechomeka VGA pale alipozoea. Na kama skrini yako ina VGA peke yake, utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani. Waya mtupu hautafanya kazi. Hata kigeuzi usikiamini. Kwa majaribio tumia televisheni yenye HDMI, ujue moja.

Kisha RAM. Unapoikandamiza kadi, bodi inapinda kidogo, na RAM iliyokaa vibaya inapoteza mguso. Kwetu huku, na hii hewa ya bahari, miguu yake ya dhahabu hupata utando ambao jicho halioni. Toa vipande vyote, sugua miguu kwa raba nyeupe ya penseli, pangusa kwa spiriti ya duka la dawa, subiri ikauke, rudisha kimoja kimoja na kila mara ujaribu kuwasha. Miguu ya kadi nayo isugue vivyo hivyo.

Mwisho kabisa njoo kwenye BIOS, programu ya bodi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, na hii ndiyo iliyokuwa mchawi mwenyewe. 7010 nyingi za mtumba hazijawahi kuguswa tangu zitoke ofisini. BIOS yake ya zamani haizitambui vizuri kadi zilizotoka miaka mingi baada yake, inasimama tu, bila mlio. Toa kadi, rudisha waya kwenye VGA ya bodi, washa, bonyeza F2. Ukurasa wa kwanza utakuonyesha toleo. Yetu ilikuwa A07. La mwisho kwa 7010 ni A29. Lichukue kwenye tovuti ya Dell yenyewe, ukurasa wa OptiPlex 7010, si kwenye tovuti nyengine yoyote wala flashi ya rafiki. Unalifungua ndani ya Windows kama programu ya kawaida, mashine inajizima na kujiwasha, inaandika, inajiwasha tena.

Umeme ukikatika wakati inaandika, bodi imekufa. Tangu 2010 umeme wa Pemba unakuja kutoka Tanga kwa waya wa baharini, tunashukuru, si kama enzi za majenereta, lakini hakuna anayeweza kukuahidi dakika tano. Kwa hiyo chaji UPS (kisanduku cha betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika) mpaka ijae na uijaribu kwanza: chomoa plagi yake ukutani mashine ikiwa inafanya kazi, uone inashikilia. UPS nyingi za mtumba betri imekwisha na taa ya kijani inawaka vile vile. Huna UPS? Azima. Angalia pia kuwa Tukuza, umeme wa kulipia kabla, haijakaribia sifuri. Mimi nililiona hilo zimebaki uniti mbili, nikakimbia kununua kabla ya kubonyeza kitu. Siku ya mvua na radi iache kazi hiyo kabisa.

Baada ya A29, rudisha kadi kwenye la buluu, waya wa skrini kwenye kadi. Ikawaka. Ilipowaka sikusema kitu, nilikwenda kulala.

Kama kila ukiwasha inalalamika kwamba saa haijawekwa na kukutaka ubonyeze F1, badilisha betri ya CR2032 kwenye bodi.

Hatua ya 6: Windows na gemu

Windows 11 haizikubali rasmi mashine hizi. Inataka Intel kizazi cha nane na TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuitolea marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Tuliweka 10, kwa sharti kwamba mambo ya pesa na nywila za maana hayaingii humo. Mimi ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows; Steam, duka la gemu la mtandaoni, inaendesha gemu nyingi za Windows humo. Kura zilifungana, yangu moja na yake moja, nikashindwa kwa kuwa mwenye pesa ni yeye.

GTA V inazidi GB 70. Usiishushe kwa bando. Mtafute mwenye nayo kwenye Steam, nakili folda lake kwa diski ya nje, liweke mahali pake, kisha waambie Steam wahakiki mafaili. Ila gemu lenyewe lazima liwe limenunuliwa kwa akaunti yako. Hapa unakwepa kushusha tu.

Hatua ya 7: Iweke wapi

Juu ya meza, si sakafuni, mbali na dirisha linaloelekea bahari. Isifunikwe kitambaa cha maua ikiwa inafanya kazi. Nawasema akina mama wa nyumbani, na dada yangu nimeshamwambia mara mbili. Wakati wa kaskazi, joto likizidi, acha ubavu wa kasha wazi na feni ya chumba ielekee hapo. Haipendezi, lakini kadi yetu imebaki chini ya nyuzi 75.

Weka UPS hata ndogo ya 650VA. Si ya kuchezea, ni ya kukupa dakika chache uhifadhi na uzime. Mtoto wa dada anaijua hii, ameikariri. UPS ikianza kulia anaitazama, anatazama saa ya mechi, anaendelea. Juzi ilimzimikia dakika ya 85 anaongoza mbili bila, akanipigia simu: "Mjomba, hii UPS mbovu."